Ndege wa Mgongoni mwa Nyati

Majirani zetu kule kijijini Baray walisema mtoto wa mwindaji ataishia kuwabebea watu nyama. Leo nina stashahada ya utalii, gari ni la kwangu, na wageni wanaoshuka kreta ya Ngorongoro huniulizia kwa jina. Hakuna aliyenishika mkono.

Juzi, huko kreta, ndege wanaokula kupe waliruka kutoka mgongoni mwa nyati wakilia kwa ukali. Mgeni mmoja akapiga makofi. "Wanaimba vizuri!"

Nami niliwahi kudhani hivyo. Baba alikuwa mtu wa kusimama njiani. Masika alisimama kusikiliza vyura. Kiangazi alisikiliza kanga wakigombana vumbini, na alinishika bega ili nami nisikie. Kwa hiyo alasiri moja ya utoto wangu, tukiwa mawindoni, ndege kama hao walipolia kichakani mbele yetu naye akainua mkono, nilitabasamu. Palinuka kinyesi kibichi.

"Baba, na hawa wanaimba nini?"

"Panda mgunga huo, mwanangu. Juu kabisa."

Nilidhani ananitafutia pa kuwaonea vizuri. Nikapanda, miiba ikinichana, nikawaona kweli, na chini yao mgongo mweusi ukipasua majani kumwelekea baba. Mti ule ulikuwa mwembamba, wa kubeba mtoto tu, na hapakuwa na mwingine.

Nikamwita, "Baba, njoo uone!" Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho aliyoyasikia.

Mgeni wangu bado alikuwa anapiga makofi. "Hawaimbi," nilimwambia. "Wanamwambia nyati kwamba kuna mtu." Kisha nikainua mkono, gari zima likanyamaza.