Wimbo wa Upande wa Pazia

Shemeji yangu Harlan Tvedt alivuta pazia la ukumbi wa Harmon Fork, hapa kwetu Nebraska, tangu ana nywele hadi akabaki na upara. Mwaka huu wamefunga mota ya kulivuta. Yeye wakampa tiketi ya bure akae mbele kama bwana mkubwa, nami nikalazimika kumsindikiza, maana peke yake asingekuja.

Mchezo ni uleule wa nyimbo, wa mjane na muuza farasi, tunaourudia kila baada ya miaka michache. Mji mzima umeuhifadhi. Harlan tu ndiye hakuwahi kuuona kwa mbele. Yeye aliuona ubavuni, kamba mkononi.

"Lorna, wanacheka nini?" akaninong'oneza.

"Kofia ya muuza farasi imeanguka."

"Mbona miaka yote hiyo sikuiona?"

"Ulikuwa nyuma ya pazia, mzee. Kula bisi zako."

Akashangaa kuona nyumba ya mjane ina mlango na madirisha, maana yeye alizijua mbao zilizoegemezwa tu. Maskini, alikuwa amepotea kabisa ndani ya mchezo alioutumikia maisha yake yote. Nikacheka, kisha nikaona haya.

Wimbo wa mwisho ndio uliomleta. Dada yangu Inga, mkewe, tuliyemzika majira ya baridi yaliyopita, ndiye aliyekuwa akiigiza mjane miaka yote, na kila alipoufikia wimbo ule aligeukia upande wa kamba akamwimbia Harlan. Hilo Harlan alikuwa na hakika nalo. Tangu mazishi hakuwa na kingine cha kujishikiza.

Basi binti mmoja, Kaylin Dorsch, akasimama katikati ya jukwaa, akavuta pumzi, akageuka. Upande uleule. Akaiimbia mota na ukuta.

Harlan alinibana mkono hadi ukaniuma. "Kumbe ndivyo mchezo ulivyo," akasema. "Alifundishwa. Hakuwa ananiimbia mimi."

Inga hakuwahi kunieleza chochote, na mimi mwenyewe sasa nilikuwa sielewi lipi ni lipi.

Baada ya makofi waigizaji walijipanga mlangoni kama kawaida, rangi bado usoni, watu wakiwapa mikono. Harlan alipomfikia Kaylin hata hakumpongeza.

"Binti, nani kakwambia utugeuzie shavu?"

"Mama Trudy, babu. Anasema ndivyo unavyoimbwa."

Trudy Kessler, mwongozaji wetu tangu zamani, alikuwa hatua chache tu kutoka pale. "Nilijua," akasema Harlan, akaanza kuvaa koti.

"Umejua nini, wewe?" Trudy akamdaka. "Wimbo huo huimbwa kwa kuwatazama watu! Nimegombana na Inga hadi nikachoka. Namwambia, mama wee, watu wamekuja kukuona uso. Ananijibu, 'Watanisikia hukohuko. Mume wangu yuko huku.' Ningefanyaje? Watu wakauzoea hivyo, na sasa ukiimbwa vingine mji mzima utanilalamikia."

Harlan alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti, mwingine bado. "Alisema hivyo?"

"Kusema? Alinikaripia, tena mbele ya wapiga ala!"

Akalia palepale mlangoni, kwa sauti, watu wakipita kando kumwachia nafasi, na mimi sikumnyamazisha.