Bundi Aliyelia Saa Sita Mchana

Hadi leo naona haya kupita njia kuu ya kijiji chetu, Makangale. Kazi yangu ni kutundika vinasa sauti msituni. Kompyuta iliyofundishwa mlio wa bundi wa Pemba husikiliza rekodi zote, kisha hutukatia vipande vyenye bundi.

Mchana mmoja nilitaka kuijaribu tu. Nikakisogelea kinasa, nikalia kama bundi mara tatu.

Wiki iliyofuata Dokta Salma, mtafiti wetu, akaniita. "Hamadi, sikiliza. Bundi huyu kalia saa sita mchana. Sijapata kuona jambo kama hili."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Mashaallah, Dokta."

Tangu hapo kila asubuhi nilikwenda kwake nimeazimia kumwambia, na kila asubuhi nilimkuta keshaandika ukurasa mwingine juu ya bundi wangu.

Mwishowe akaita mkutano skuli, sheha na wanakijiji wakaja. Safari hii hakuleta kile kipande kifupi, alileta rekodi nzima. Spika ikalia bundi mara tatu, watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Nikaomba moyoni azime. Hakuzima. Mtu akasikika akikohoa kwenye rekodi, kisha akasema taratibu, "Haya kompyuta, nambie, mie ndege gani?"

Mke wangu alikuwa amekaa karibu na sheha. "Huyo mume wangu," akamwambia.

Dokta Salma akafunga daftari lake, akageuka kunitafuta.