Mifupa ya Koralia

Katika nyumba ya Polixeni, ghorofa ya nne, hapa Thesaloniki, kuna chumba cha nyuma ambacho hakuna aliyelala humo tangu Koralia, mpenzi wake wa zamani, ahame. Kimejaa maboksi ya viatu mpaka darini. Ndani ya maboksi kuna picha, kanda za kaseti, barua za mapenzi, hati za kukamatwa, na wigi moja jekundu lililoliwa na nondo ambalo nikiligusa tu nafokewa. Hiyo ndiyo historia yetu: sisi wanawake tuliopenda wanawake, wanaume waliopenda wanaume, na wao walioandikwa wavulana siku waliyozaliwa kisha wakaishi maisha yao yote kama wanawake. Polixeni ni mmoja wa hao wa mwisho. Ana miaka sabini na miwili, alikuwa fundi cherehani, na hakuna chuo wala jumba la makumbusho lililomtuma.

Mimi naitwa Thomai. Nilikuwa mkutubi wa shule, nikastaafu, nikaenda kwake nikidhani nitamsaidia kupanga makaratasi kwa miezi miwili. Huu ni mwaka wa sita.

Alianza kukusanya siku rafiki yake mmoja alipofariki na kaka wa marehemu akaja kuchoma vitu vyake uani. Polixeni alitia mkono motoni akatoka na albamu moja, nusu majivu. Kovu analo mpaka leo, kwenye kiganja cha kushoto. Tangu hapo, akifa mtu wetu, yeye anataka afike kabla ya ukoo. "Ndugu wanakuja na mifuko ya taka," huniambia, "mimi nakuja na maboksi." Mara nyingi amefika kwanza.

Jambo lililokuwa likinipandisha hasira ni majina. Analo daftari lenye watu mia mbili na kumi na wawili, na ndani yake utakuta Bela wa Bandarini, Marika Kicheko, Koralia, Zafiro, Duchesa. Jina la cheti cha kuzaliwa hata moja hakuna. Mwezi wa kwanza nilimuuliza kwa nini. Akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Jina la ubatizo ni la polisi," akasema. "Usiniulize tena."

Baadaye nilipata kisa chenyewe. Miaka ile, mwenye zamu kituoni alikuwa akiwasimamisha ukumbini, anawaita kwa majina waliyobatizwa, mara tatu, kwa sauti, wenzake wakicheka, na haachi mpaka uitike. Kwa hiyo wao kwa wao walijiwekea sheria: la mwenzio huliulizi, hulitaji, na ukilijua unalisahau. Ni heshima kubwa, nakubali. Lakini mimi ni mkutubi! Mahakama, hospitali, kituo cha polisi, wote wana jina lile lile moja tu la cheti. Mara mbili tumeomba kuona mafaili ya zamani, mara mbili tumejibiwa tutaje jina kamili la mhusika. Watu mia mbili na kumi na wawili, kila mmoja na makovu yake, na serikalini hayupo hata mmoja. Nilimwambia dada, tunajifungia mlango wenyewe. Akatia pamba masikioni.

Kisha likaja suala la Koralia.

Koralia alikuwa mpiga pasi katika hoteli. Waliishi pamoja miaka kumi na mmoja, wakagombana, wakapatana, wakabaki kama ndugu wa tumbo moja. Alifariki hospitalini mwezi wa Novemba, wakati wa janga la korona, mlango umefungwa kwa wageni wote. Mpwa wake alitoka kijijini, akasaini, akazika, hakumwambia mtu. Polixeni alipata habari siku ya kumi na moja, kwa mfagiaji wa ngazi. Safari hiyo hakufika kwanza, na hajajisamehe.

Kwetu kaburi ni la miaka mitatu. Ikiisha, mifupa inatolewa, inaoshwa kwa divai, inawekwa kwenye sanduku lenye jina na picha, na sanduku linahifadhiwa katika nyumba ya mifupa pale pale makaburini. Asipotokea wa kuipokea, inamwagwa katika shimo la wote. Vuli iliyopita manispaa ilibandika tangazo: waliozikwa Novemba ile wataanza kutolewa tarehe ishirini. Tulikuwa na siku kumi na mbili.

Tukaenda ofisi ya makaburi. Karani aliitwa Argiris, mtu mnene, mpole, mchovu.

"Jina la marehemu?"

"Koralia," akasema Polixeni.

"La ukoo?"

"Koralia, basi."

"Mama yangu, hapa nina watu elfu themanini. Koralia basi ndiye nani, malkia?"

"Kwa taarifa yako, ndiyo."

Argiris alicheka, akafungua kitabu. Wiki ile walizikwa wanaume kumi na tisa, na watano kati yao walikuwa na umri wa Koralia. Akavua miwani. "Nipeni jina, hata la kwanza tu. Anayekuja na jina akasaini namkabidhi, wala siulizi kama ni ndugu. Lakini siwezi kuwafukua wazee watano wa watu ili nyinyi mchague."

Mpwa tulimpigia simu, kwa namba aliyomwachia mfagiaji wa ngazi, mpaka vidole vikauma. Hakupokea. Kijiji chao Koralia hakuwahi kukitaja. Aliyebaki ni Zafiro, mwenye miaka sabini na tisa, anayeishi Kavala, aliyewahi kulala mahabusu moja na Koralia. Polixeni akampigia, sauti imefunguliwa ili nami nisikie.

"Zafiro, jina la Koralia unalijua?"

"Koralia."

"Usinichezee, shoga. Lile jingine."

Tukasikia anazima redio. "Nalijua."

"Lete."

"Silitaji."

"Watamtupa shimoni, unasikia? Shimoni, na mifupa ya watu asiowajua!"

"Nilimlia yamini, Polixeni. Anatokwa damu puani, amelaza kichwa hapa mapajani kwangu, ananiambia usilitaje hata nikifa."

"Si ameshakufa, mwehu wewe!"

"Na yeye si ndivyo alivyosema, hata nikifa? Kiziwi?" Zafiro akashika kasi. "Halafu wewe ndiye wa kuniuliza? Wewe uliyenizaba kibao mbele ya muuza mikate kwa kuteleza ulimi nikalitaja lako? Nilikaa na shavu limevimba wiki nzima. Leo umekuwa ofisi ya serikali?"

Akakata. Polixeni alikaa na simu mkononi. Nilidhani atatukana. Akasema, "Sheria hii ni mimi niliyekuwa mkali kuliko wote. Wadogo walikuwa wananiogopa mimi kuliko polisi."

Tulipiga kesho yake, na keshokutwa, na kila siku. Tulibembeleza, tukatisha, tukalia. Zafiro alikuwa anapokea, anasikiliza mpaka mwisho, anasema hapana. Sitaki kujifanya mwema: kuna jioni nilitaka kuwapiga wote wawili. Mmoja anakataa kufungua mdomo, mwingine alikataa kuyaandika majina hayo daftarini kwa miaka arobaini, na katikati yao mtu waliyempenda analingojea koleo la makaburini. Tarehe ishirini ikapita. Argiris alitwambia kwa simu kwamba wanakwenda kwa mistari, huenda zamu yake bado, ila hawezi kuahidi.

Tarehe ishirini na nne asubuhi kengele ya mlango ikalia. Zafiro, na fimbo, na kopo la biskuti za Kavala, amekuja na basi la kwanza bila kumwambia mtu.

"Nitamwambia karani," akasema kabla hajaketi. "Peke yake, sikioni. Nyinyi wawili mtasimama nje."

"Tutasimama hata barabarani," akasema Polixeni, akaingia chumbani kuchukua mfuko aliokwisha kuutayarisha: chupa ya divai nyekundu, taulo jipya, na foronya nyeupe ya kutilia mifupa, aliyoitarizi mwenyewe, *Koralia*, kwa uzi wa buluu.

Tulisimama nje, kama tulivyoagizwa. Kupitia kioo nilimwona Zafiro anainama juu ya meza, mkono umekinga mdomo. Argiris akafungua kitabu, akashusha kidole mstari kwa mstari. Kidole kikasimama. Hakuinua uso upesi. Alipotoka, aliishika kofia mkononi.

"Ametolewa juzi," akasema. "Tuliita jina langoni kama ilivyo desturi. Hakuna aliyeitika."

Polixeni aliuliza shimo liko wapi. Liko nyuma ya nyumba ya mifupa, mfuniko wa zege wenye pete ya chuma, karibu na bomba la maji. Alinipa ile chupa, nikamfungulia. Akamimina divai yote juu ya zege. Ilitiririka pembeni, ikaingia kwenye majani.

"Juzi," akasema. "Ungesema wiki iliyopita, Zafiro."

"Ningemtazamaje usoni?"

"Uso upi? Uso upi, Zafiro? Ameitwa kwa jina lile tena, langoni, mbele ya watu, na safari hii kwa sababu yetu!"

Zafiro alikuwa analia bila sauti, ameegemea fimbo, na mimi nilikuwa na hasira nisiyojua nimpelekee nani. Argiris alikuwa mbali kidogo, anajifanya kukagua bomba.

Tulirudi kituo cha basi polepole. Zafiro alitangulia. Polixeni alinishika mkono, tukabaki nyuma kidogo, foronya ameikunja kwapani.

"Mimi hata mpwa sina," akasema.

"Una mimi, dada."

"Ndiyo maana nasema." Akasimama. Alitazama kama kuna mtu karibu, hakukuwa na mtu. Akanivuta, akasogeza mdomo sikioni kwangu, akalitaja lile la kwake. Sauti ilikwaruza, kama ya mtu asiyeizoea lugha. Jina la ubatizo, jina la baba, jina la ukoo, yote matatu. Nilikuwa nimelitaka jina hilo kwa miaka sita, na nilipolipata nilitamani kumrudishia.

"Umelishika?"

"Nimelishika."

"Siku yangu ikifika, mpelekee karani, na usichelewe." Akanitazama macho makavu. "Lakini we Thomai, usije ukaniita hilo."