Mama Aliulizwa Mahali, Akajibu Mahari

Admin, nifichie jina, maana kijijini kwetu watu ni wachache lakini simu ni nyingi.

Kwanza natangaza, kwa heshima zote, kwa wafuasi wa ukurasa huu walio ndani na nje ya nchi: kuku wa mama yangu ametaga. Yai limepatikana kitandani, upande wa mto, na mama na kuku wote ni wazima. Mama hakulikaanga. Alilifunga kwenye kanga, na nilipomtembelea Jumapili akanipa nilipeleke Keza likaatamiwe nyumbani, kwa sababu, alisema, kifaranga hawezi kuanguliwa ugenini.

Nilicheka. Kuchekesha na kucheka ndiyo kazi yangu ya pili. Ya kwanza ni kuwauzia chai na chapati madereva wa malori pale Rusumo. Nina miaka hamsini na moja, mke mmoja, na tumbo ambalo watu hulisalimia kabla yangu.

Mama aliolewa Keza, huku Ngara, na hakuwahi kuhama. Masika ya mwaka juzi kilima kilishuka na nyumba yake akiwa kanisani. Kilichobaki ni shamba la juu, lenye migomba na kaburi la baba. Wakaja maofisa, wakaitisha mkutano. Wazee waliobomokewa wangejengewa nyumba, na kila mmoja angechagua: kwenye ardhi yake kama ni salama, au kwenye makazi mapya Nyantakara, kule Biharamulo. Shamba la juu walilikagua wakasema ni salama. Kwa hiyo kwa mama mkutano ule ulikuwa na swali moja tu.

Kiswahili cha mama ni cha sokoni: chumvi, sabuni, punguza. Halafu kwetu wengi r na l ni mapacha, hatujui yupi ni yupi. Mimi mwenyewe ubao wangu ulisomeka "chai ya langi" mpaka dereva mmoja aliponionea huruma.

Ofisa, kijana mwenye adabu, alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akauliza, "Mama, wewe unachagua mahali gani?"

Mama akasimama, akakaza kanga yake, akajibu kwa sauti iliyofika mpaka nyuma: "Mahari yangu ilishaliwa yote. Ng'ombe walifika wazima."

Mkutano mzima ulivunjika mbavu. Ofisa alifuta machozi. Mimi nilicheka mpaka kiti cha plastiki kikapasuka, nikaanguka, watu wakaanza upya. Kaka yangu mkubwa peke yake hakucheka. Alivua kofia akasema, "Mmeona wenyewe. Mama hajui hata anachoulizwa. Nitamjibia mimi. Apelekwe Nyantakara." Kwetu mkubwa akisimama mdogo hukaa, na mimi nilikuwa tayari nipo chini.

Nyumba aliyopewa si mbaya. Ina matofali, bati jipya na sakafu ya saruji, ingawa mchana bati huwaka kama kikaango. Majirani ni Wasukuma, watu wema, jirani wa kushoto humletea maziwa. Asubuhi mama huwaamkia kwa lugha yetu, "Mwaramutse", wao humwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kila upande husubiri mwenzake aongeze neno, halafu kila mtu huingia kwake. Hayo ndiyo maongezi yake ya kutwa. Hana mgomba wa kupalilia, basi anafagia saruji. Wenzake waliohamishiwa kule walikisimulia kile kisa, sasa watoto wanamwita Bibi Mahari, naye anaitika. Amekonda hadi pete ya ndoa ameizungushia uzi isidondoke. Kila nikienda ananiuliza swali lile lile: serikali itamrudisha nyumbani lini, maana hataki kuzikwa mbali na baba.

Kaka naye amejenga kwenye shamba la juu. Krismasi alimletea mkungu wa ndizi. Mama alipiga magoti kumshukuru, kwa ndizi za migomba aliyoipanda yeye. Nilimvuta kaka pembeni nikamwambia mama anataka kurudi. Akatabasamu. "Mdogo wangu, mtu wa umri ule hahitaji shamba. Anahitaji mahali pa kusubiria." Alilitamka neno mahali vizuri sana, na l yake imenyooka.

Sasa niwaambie ukweli, kama nilivyoupata Jumapili hiyo ya yai. Nilimtania mama kama kawaida. Nikamwita Bibi Mahari, nikamuuliza hao ng'ombe walikuwa na rangi gani. Hakucheka. Akaniuliza kwa lugha yetu, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani:

"Kwani sikujibu vizuri? Kaka yako alinifundisha asubuhi ile. Alisema mkubwa wa serikali atauliza mahari, ajue kama kweli niliolewa pale, na nikikosea sipati nyumba. Tulirudia njia nzima mpaka nikashika. Mungu ambariki. Bila yeye ningelala nje."



Ndivyo ilivyokuwa. Mama hakuchanganyikiwa. Mwanawe wa kwanza alimwekea neno masikioni mapema, akiujua ulimi wetu, na akijua tutacheka. Tukacheka, yeye akapata shamba.

Nikimwambia mama, nitamnyang'anya mtoto anayemwombea kila jioni kabla ya sisi wengine wote. Nikinyamaza, atakufa Nyantakara akimshukuru. Nikimkabili kaka, atasema mama alijibu mwenyewe mbele za watu, na mashahidi anao mkutano mzima, mimi nikiwemo, pale chini kwenye kiti kilichopasuka. Yai ninalo hapa Rusumo, kwenye kabati la vikombe. Sijalipeleka Keza, kwa sababu wa kulipokea kule ni kaka.

Ndugu zangu, leo msinichekee. Mngekuwa mimi, mama huyu mngemwambia nini?