Carry On Iliyomaliza Maji Yangu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi, baba alinitoa darasa la pili nikachunge ng'ombe, tukahama nao kutoka Usukumani mpaka Usangu. Shule yangu iliishia hapo, na aibu hii naieleza mwenyewe kabla jirani yangu Mama Mgovano hajaieleza vibaya zaidi.

Binti yangu Kabula, mwalimu wa sekondari, alinifundisha neno moja la Kiingereza, carry on. Ukimkuta mtu kazini unamwambia carry on, yaani endelea. Aliyekatiza maneno yake, carry on. Na aliyefiwa akajikaza akaendelea na maisha, naye ame-carry on. Nikaona hilo moja linanitosha, mengine ya nini.

Basi wakaja wageni huku kwetu Madibira kukagua mifereji, wakasimama kwenye jaruba langu, mpunga ndio unatoa masuke, na maji ya zamu yangu (niliyoyasubiri siku sita) yameingia asubuhi ileile. Kabula akasogea atafsiri, nikamwambia kaa pembeni, mwenye shamba ni mimi. Mgeni akasema maneno, nikajibu carry on. Akasema tena, nikajibu tena carry on. Wakulima wenzangu wakapiga makofi, nami nikaweka kofia sawa. Kumbe anaomba afungue kingo aone maji yanavyotoka. Akashika jembe, akafungua, maji yangu yakahamia kwa Mama Mgovano.

Kabula akaninong'oneza, "Baba, nimwambie azibe?"

Hapo nilishaelewa, sina kisingizio. Ila watu walikuwa wananitazama.

"Carry on," nikasema, tena kwa sauti.

Jioni jaruba lilikuwa tope tupu. Kungoja zamu nyingine ni kuvuna mapepe, kwa hiyo nikaenda kwa Mama Mgovano (Mhehe, mtani wangu, hana huruma) kumwomba maji. Akakubali, ila kesho yake, mbele ya wote mferejini, niseme mwenyewe kilichotokea.

Nikasimama. "Kiingereza sijui," nikasema. Nikageuka niondoke.

Mama Mgovano akaegemea jembe lake. "Carry on, mtani."

"Niliona aibu kuonekana sijui."

Akazibua maji.

Siku hizi mgeni akija, Kabula anatangulia, mimi nafuata nyuma kimya. Leo nina eka nane za mpunga, maksai sita, pawatila moja ya kulimia, nyumba ya tofali za kuchoma, binti mwalimu, na neno moja la Kiingereza ambalo nimemwachia Mama Mgovano, maana hunisalimia nalo kila asubuhi.