Dawa ya Ukungu

Dada yangu anaotesha kuvu jikoni, tena kwa makusudi. Anapika wali nusu, anautia kwenye mifuko ya plastiki, anauchanganya na mbegu ya kuvu aliyopewa na bwana shamba, kisha anaipanga mifuko juu ya kabati la vyombo. Wali ukigeuka kijani anafurahi kama aliyepika pilau. Majirani wakambandika jina: Mama Kuvu. Wakimwita anaitika, na kwa sauti.

Alianza kwa ajili ya shamba la marehemu mama yetu. Kila msimu nyanya zilinyauka zikiwa na maua. Ukipasua shina, ndani kahawia. Ugonjwa ulikuwa umeshakaa kwenye udongo. Baba mdogo, msimamizi wa mali ya familia, akasema udongo huo sasa unafaa matofali tu.

"Nipe msimu mmoja," dada akamwambia.

"Ulime na wali uliooza?"

"Huo huo. Kuna kuvu inayokula mizizi, na kuna kuvu inayoila hiyo. Mimi nafuga hii ya pili."

"Haya, fuga. Ikianza kutoa maziwa uniite."

Dada akachanganya wali wake na samadi iliyoiva, akatia kiganja kila shimo, tukapanda miche. Jioni, baba mdogo akiwa amesimama pale pale, dada akaniambia, "Mstari wa kando ya mfereji niliutilia kidogo. Kesho nitauongezea dawa ya ukungu."

Mimi nilielewa. Baba mdogo naye alielewa, ila kivyake. Asubuhi tulimkuta na bomba mgongoni, ameshailowanisha miche ya mstari ule mpaka kwenye mizizi, kwa dawa ya ukungu ya dukani.

"Nimekusaidia, binti yangu," alisema akijifuta jasho. "Si ulisema bado dawa ya ukungu?"

"Baba mdogo, dawa yangu ndiyo ukungu wenyewe. Umeiua."

"Sasa mtu atajuaje? Dawa ya malaria si malaria."

Nilidhani dada atalia. Alichukua kijiti akakichomeka mwanzo wa mstari. "Usiung'oe," akaniambia. "Umwagilie kama mingine. Nataka auone."

Nyanya zilipoanza kuiva, mstari wa mfereji ulikuwa umelala wote. Kwingine mche mmoja mmoja ulinyauka, siwezi kuficha, lakini iliyobaki ilizaa mpaka tukaisimamishia miti. Ndipo baba mdogo akaja na mfyatua matofali, koleo begani. Dada akasimama katikati ya shamba.

"Fundi, anzia penye kijiti," alisema. "Pale baba mdogo ameshakusafishia. Huku kwingine utaanza kuchimba hapa niliposimama mimi."

Mfyatua matofali akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatazama nyanya. Fundi akachuma moja, akaifuta kwenye suruali, akaila yote.

"Mzee," alisema, "udongo nitautafuta kwingine."

Akaondoka na koleo lake. Baba mdogo akabaki anakizungukazunguka kile kijiti.

"Mama Kuvu," akaita. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Abee."

"Na huu mstari, msimu ujao utautilia wali?"

"Nitautilia. Wewe bomba lako liache nyumbani."