Pikipiki ya Mtu Mmoja

Nilipokuwa kijana nilikata keria ya pikipiki yangu kwa msumeno wa chuma, na kazi hiyo isiyofika nusu saa nusura inikoseshe mke. Wajukuu wangu wakiona vijana wa siku hizi wanavyovua hiki na kile kwenye pikipiki zao ili zionekane za mashindano, hudhani ni mambo mapya. Niliyafanya hayo Mbeya katika miaka ya hamsini, na kwa upumbavu mkubwa kuliko wao.

Wakati ule nilikuwa fundi katika gereji ya Singasinga mmoja pale Iyunga, mtu wa maneno machache na spana nyingi. Siku moja lori lake lilirudi kutoka Makongolosi likiwa limebeba pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja. Mzungu aliyekuwa akitafuta dhahabu huko alikuwa amekata tamaa na kwenda zake, akaiacha bandani, kuku wakaifanya nyumba. Singasinga aliizunguka mara moja tu.

"Ukiifufua, yako," akaniambia. "Ikikushinda, chuma chakavu."

Ilinichukua miezi saba. Pistoni ilikuwa imegandia ndani ya silinda, nikaimiminia mafuta ya taa, nikaiacha wiki nzima, kisha nikaigonga taratibu kwa kipande cha mti mlaini mpaka ikakubali. Ringi nilizitoa kwenye injini kuukuu ya mashine ya kusaga, nikazipunguza ncha kwa tupa. Gasketi nilizikata kwenye karatasi ngumu ya boksi. Siku ilipowaka, ekzosi ilitema manyoya ya kuku hadi mlangoni, na Singasinga, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alilazimika kuingia ofisini na kujifungia. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli katika baridi ya asubuhi, moyo wangu unarudi kwenye gereji ile, na ninatamani hata zile sugu za mikononi.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa baba mdogo. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado mdogo, na huyu mdogo wake, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, ndiye aliyenilea. Jumapili alikuwa anakaa nyuma yangu kwenye keria, mgongo wima, kofia ameishika mkononi, na watu waliokuwa wakienda ibadani kwa miguu walikuwa wanatupisha. Hakusema kwamba anafurahia. Ila nilikuwa nikichelewa kufika kwake, namkuta amekwisha kusimama barabarani.

Siku hizo nilikuwa nampenda msichana wa Kihesa, Iringa. Alikuja Mbeya kumsaidia dada yake aliyejifungua, akakaa karibu mwaka, akaimba katika kwaya yetu, akarudi kwao na akili yangu. Tuliandikiana. Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi. Wazee wa mwalimu mmoja wangekuja kwa baba yake Jumatatu ya mwisho wa mwezi kumposa. "Kama una neno," aliandika, "lifike kwa baba kabla ya siku hiyo."

Niliisoma barua hiyo kwa macho ya fundi. Niliona umbali na muda. Basi lilitumia siku mbili kutoka Mbeya hadi Iringa, na pikipiki yangu kwenye vilima ilikuwa inakohoa. Ndipo nikakumbuka picha katika gazeti la Kiingereza ambalo dereva mmoja wa Kizungu alilisahau gerejini. Ilionyesha vijana wa kwao na pikipiki zilizovuliwa kila kitu, usukani umeinamishwa chini, kiti kimoja kidogo, wakishindana mbio kutoka hoteli moja ya chai hadi nyingine. Nilipoiona mara ya kwanza niliwacheka. Mtu unakimbilia chai kwa nini, wakati chai haikimbii? Lakini baada ya ile barua niliitazama picha hiyo mpaka ikachakaa.

Nikaondoa madigadi yote mawili. Nikageuza usukani ukaangalia chini, nikafupisha ekzosi, nikashona kiti kwa ngozi ya kiti cha lori. Mwisho nikaikata keria, kwa sababu ilikuwa chuma kizito na mimi nilikuwa na haraka. Sitasema uongo kwa ajili ya kujionyesha mnyenyekevu: pikipiki ile ilikuwa nzuri. Tangi nililipiga msasa na kulipaka rangi nyekundu, na ikisimama tu ilionekana inakwenda.

Alhamisi mchana, kabla ya ile Jumatatu, baba mdogo, ambaye nilikuwa nimemsomea barua, akateremka kutoka mlimani. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani, na kwapani amebeba jembe jipya lililofungwa katika gunia. Kwetu na kwao yule msichana, mtu hajiposei mwenyewe. Mzee anakwenda naye, analiweka jembe mbele ya wenyeji, na hapo ndipo maneno yanaanza. Bila mzee na bila jembe, hakuna lililosemwa. Nililijua hilo tangu utoto, kama ninavyojua jina langu.

Baba mdogo akazunguka nyuma ya pikipiki, akasimama hapo.

"Keria iko wapi?"

"Nimekata, baba. Ili iwe nyepesi."

"Na mimi nakaa wapi?"

Msinicheke. Naapa sikuwa nimelifikiria. Kwa wiki tatu nilifikiria kabureta, vilima na yule mwalimu, lakini aliyepaswa kunisemea sikumfikiria hata kidogo. Badala ya kuomba radhi nikajifanya mjuaji. Nikamwambia apande basi la kesho, mimi nitatangulia nikamshikie nafasi. Akalisogeza jembe kwenye kwapa la pili.

"Haya. Tangulia."

Ijumaa niliondoka alfajiri, na ile safari siwezi kuijutia hata nikitaka. Barabara ilikuwa ya udongo, mvua imepumzika siku mbili. Nilipita Chimala jua likichomoza, nikavuka mbuga ya udongo mweusi ya Igawa nikiyumba huku na huku, nikapanda Makambako ambako upepo uliingia mpaka kwenye meno. Nililala juu ya tangi kama wale vijana wa gazetini, nikapiga kelele peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Sijawahi tena kuwa mwepesi namna ile.

Nilifika Kihesa jioni. Baba wa msichana, mkulima mrefu mwenye mvi, alitoka nje kwa sababu ya kelele za pikipiki. Nikainama, nikamwamkia kwa Kihehe kidogo nilichojifunza.

"Kamwene."

"Kamwene. Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba. Mzee wangu yuko njiani, kesho atafika na basi."

Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Nikapewa maji ya moto ya kuoga, ugali, maharage na kitanda. Lakini kila nilipofungua mdomo kulitaja lililonileta, alikuwa ananiuliza habari za mvua ya Mbeya. Nilipojaribu mara ya tatu aliweka bakuli chini.

"Kijana, wewe ni mgeni wangu, kula ushibe. Ila hapa hatumsikii mtu anayejisemea. Wahenga walisema mkataa wengi mchawi."

Alilisema kwa upole, akatabasamu, na usingizi ukaniruka.

Kesho yake nilikuwa nikiisafisha pikipiki uani, binti akapita na ndoo ya maji. Akasimama. Nilingoja aisifu rangi ya tangi. Yeye akatazama mgongo wa shati langu la jana, ambako gurudumu lisilo na digadi lilikuwa limenichora mstari wa tope kutoka kiunoni hadi kisogoni, kisha akatazama kile kiti kidogo.

"Hii ni ya mtu mmoja," akasema.

"Ndiyo. Inakwenda kasi sana."

"Naona. Sasa mimi ulitaka nikae wapi?"

Akajitwisha ndoo, akaenda jikoni. Katika maisha yangu nimetukanwa na watu wengi, wengine kwa ustadi mkubwa, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile.

Jumamosi basi halikufika. Jumapili wakati wa ibada niliomba kwa sauti mpaka jirani akanigeukia, na tulipotoka basi lilikuwa bado. Wazee wa mwalimu wangefika kesho yake asubuhi. Nikaiwasha pikipiki, nikarudi nyuma kumtafuta baba mdogo, mvua nayo ikaanza.

Nililikuta basi ng'ambo ya Ifunda, limelala upande, ekseli imekatika. Abiria walikuwa wamekaa majanini. Baba mdogo alikuwa amekalia sanduku la mtu, jembe magotini, kola yake imefungwa vizuri. Hiyo ilikuwa siku yake ya tatu na basi lile. Ijumaa lilizama Igawa, vijana wakalisukuma hadi jioni. Koti lake lilikuwa safi kabisa.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nikamwambia, "Baba, nisamehe. Nilikata mahali pako."

"Inuka," akasema. "Utachafua suruali, na bado hujaoa."

Tulikunja gunia la jembe mara nne, tukalifunga kwa kamba juu ya vyuma vya keria vilivyobaki nyuma ya kiti changu. Akapanda. Jembe akalikumbatia kifuani, mkono mmoja akanishika mkanda. Nilikwenda polepole, nikihisi kila shimo kwa niaba yake. Gurudumu lilikuwa linamrushia tope mgongoni njia nzima, nalisikia likigonga koti, pa, pa, pa. Hakuniambia hata mara moja nisimame.

Tulifika Kihesa giza halijaingia. Baba wa msichana alikuwa mlangoni, binti nyuma yake. Baba mdogo akashuka kwa shida, akajinyoosha. Ukimtazama kwa mbele alikuwa mzee wa kanisa. Alipogeuka kulifungua lile gunia, mgongo mzima ulikuwa tope, na katikati mstari mnene wa upana wa gurudumu.

Niliinamisha kichwa. Nilijua wanakumbuka mgongo wangu wa Ijumaa.

"Mtusamehe kwa uchafu," baba mdogo akasema, kwa sauti yake ya kusomea matangazo ya kanisa. "Basi lilizama Igawa. Nikasaidia kusukuma, nikaanguka chali. Kijana wangu alitangulia kwa sababu mimi nilimwambia atangulie."

Baba wa msichana akalitazama lile tope kwa makini ya mkulima. Udongo wa Igawa ni mweusi tii, hata mtoto anajua. Tope la koti lilikuwa jekundu.

"Naam," akasema. "Igawa siku hizi ina udongo mwekundu." Akatandika mkeka kwa mikono yake mwenyewe. "Karibu, mzee. Sasa mmekuja."

Jembe likawekwa chini. Asubuhi wazee wa mwalimu walipofika, walilikuta limeegemea ukuta, wakanywa chai, wakaaga kwa heshima. Niliporudi Mbeya nilichomelea keria na digadi la nyuma. Singasinga aliitazama pikipiki, akasikitika, akasema nimeiharibu mara mbili. Baada ya mavuno nilimleta mke wangu kutoka Iringa juu ya ile keria, amekaa upande, na vilima vyote tulivipanda kwa giya ya kwanza.

Baba mdogo alifariki akiwa mzee sana. Katika miaka yote hiyo hakunikumbusha Ifunda hata siku tuliyogombana. Tulipomaliza matanga, wazee waligawa nguo zake, koti jeusi wakanipa mimi. Nilifika nalo nyumbani, mke wangu akalipokea alipeleke kwenye beseni, akaligeuza mgongoni. Lilikuwa limefuliwa miaka na miaka, lakini pale katikati, ukilishika mwangani, bado kulikuwa na wekundu kidogo.

Nilikaa kwenye kiti nikalia kama mtoto, wala sikuona haya.

Mke wangu akapitisha kidole juu ya ule mstari, kutoka chini hadi kwenye kola. "Hapa ndipo nilipopata pa kukaa," akasema. Akalikunja, akaliweka kabatini bila kulifua.